Led Zeppelin uani Silversands: shilingi 800 zangu zilikwenda wapi

Kwa wote wanaonisimamisha Lamu Road hapa Malindi kuniuliza kama onyesho la bendi ya roki ya Led Zeppelin linafaa: ndiyo, nendeni. Muziki peke yake ulitosha kiingilio. Viti havikutosha, chakula kilikuwa nusu kwa nusu, na mshereheshaji nitamfikia, maana bado nina lake moyoni.

Kwanza tuelewane kilichoonyeshwa ni nini, kwa sababu bango lilichanganya watu. Lilibandikwa njia ya Casuarina, likaandikwa "Led Zeppelin jukwaani, Jumamosi saa mbili usiku", na kijana mmoja wa bodaboda akaniapia kwamba wazungu wenyewe wameshashuka uwanja wa ndege. Hawakushuka. Ilikuwa filamu ya tamasha lao la kurudiana, lililopigwa London tarehe 10 Desemba 2007 katika ukumbi wa O2, ikaingia sinema Oktoba 2012 kwa jina la Celebration Day. Nyumba moja ya wageni upande wa Silversands, ya Mtaliano aliyekaa hapa mpaka akikasirika anakasirika kwa Kiswahili, ilitundika kitambaa cheupe uani, ikakodi projekta na spika, na kutoza shilingi 800 pamoja na soda moja au dafu.

Shilingi 800 kutazama filamu ya zamani? Mke wangu aliuliza hivyo hivyo. Lakini mimi bendi hii nimeilia tangu ujana, enzi za kanda zilizoachwa na watalii mahotelini, nyingine hazina hata jalada, unasikiliza miaka bila kujua wimbo unaitwaje. Na simu, hata uiunganishe na spika gani ya sebuleni, haiwezi dramu za hawa watu. Hizi zinataka uwanja.

Kwa vijana ambao roki kwao ni Freddie Mercury tu, kwa kuwa alizaliwa Unguja: Led Zeppelin ni bendi ya Uingereza iliyoundwa 1968. Jimmy Page gitaa, Robert Plant sauti, John Paul Jones besi na kinanda, John Bonham dramu. Walikuwa hao hao wanne mwanzo hadi mwisho, hakuingia mtu wala hakutoka mtu. Tarehe 25 Septemba 1980 Bonham akafariki, na Desemba ya mwaka huo huo waliobaki wakatangaza kwamba basi, bila yeye hakuna bendi.

Nilikwenda na ami yangu, ambaye miaka ya themanini alikuwa akipiga dramu kwenye bendi za mahoteli hapa Malindi na Watamu. Yeye hapendi makelele ya wazungu, kwa maneno yake mwenyewe, ila alipenda wazo la dafu. Tukiwa kwenye tuktuk akaniuliza swali ambalo ndilo lenyewe.

"Mwanangu, si uliniambia mpiga dramu wao alikufa?"

"Alikufa, ami."

"Sasa wanarudiana na nani?"

Ana haki ya kuuliza. Sisi tumeshaona bendi ngapi zikirudi na jina lile lile na wenyewe hawapo? Unalipa, unaingia, unamkuta mpiga rithimu mmoja wa zamani, tena aliyejiunga mwishoni, na vijana watano waliokodiwa wiki hiyo. Jina linauzwa kama kiwanja cha urithi. Ami mwenyewe alishawahi kupigia bendi ya namna hiyo na alilipwa, kwa hiyo hasemi kwa ubaya. Anasema kwa kujua.

Na Led Zeppelin wenyewe walikuwa wameshajaribu, wakaumbuka. Tarehe 13 Julai 1985, kwenye tamasha la hisani la Live Aid kule Philadelphia, walipanda jukwaani na wapiga dramu wawili kwa mpigo, Tony Thompson na Phil Collins, huyu wa pili akiwa ametoka kupiga London siku hiyo hiyo na kuruka Atlantiki kwa ndege ya Concorde. Sauti ya Plant ilikuwa imekauka, gitaa la Page halikukaa sawa, na mazoezi hayakutosha. Miaka baadaye, diski ya kumbukumbu ya Live Aid ilipotoka, wao walikataa kipande chao kiwekwe. Mwaka 1988 wakajaribu tena New York, kwenye sherehe za miaka 40 ya kampuni yao ya rekodi, Atlantic. Safari hiyo dramu alikaa Jason Bonham, mtoto wa marehemu. Haikuwa aibu kama ya 1985, lakini haikuwa ya kujisifia pia.

Hii ya 2007 ilikuja kwa sababu ya msiba. Ahmet Ertegun, mwanzilishi mwenza wa Atlantic, kampuni iliyowasajili mwaka 1968, alianguka nyuma ya jukwaa kwenye tamasha la bendi ya Rolling Stones na akafariki Desemba 2006. Tamasha lilikuwa la kumkumbuka, na mapato kwenda kwenye mfuko wa elimu wenye jina lake. Tiketi zilikuwa pauni 125, zikagawiwa kwa bahati nasibu, na kitabu cha rekodi cha Guinness kimeandika maombi milioni 20 kwa ukumbi unaochukua watu 20,000 hivi. Ilikuwa ipigwe Novemba, Page akavunjika kidole, ikasogezwa hadi Desemba. Kwa hiyo ukinung'unikia 800 na kiti cha plastiki, kumbuka kuna watu mamilioni walikuwa tayari kulipa pauni 125 wasimame, na hawakupata hata nafasi hiyo.

Sasa uani.

Bango lilisema saa mbili. Walingoja waliokuwa wakiswali isha warudi, jambo ambalo ni adabu na sikuwa na neno nalo. Kisha wakangoja pizza. Hilo nilikuwa na neno nalo. Filamu ilianza saa tatu kasoro, kwa kipande cha habari za televisheni ya Marekani kuhusu tamasha lao la Tampa mwaka 1973, lililokusanya watu karibu 57,000. Halafu giza, halafu dramu na gitaa vikagonga kwa pamoja, wimbo wa kwanza wa albamu yao ya kwanza, Good Times Bad Times.

Na sisi tukasikia mvumo tu. Spika walikuwa wameziegemeza kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe, kona kabisa, na besi ilikuwa ikigonga ukuta na kurudi imevimba. Plant alikuwa akiimba ndani ya pipa. Watu wakaanza kutazamana. Ami hakutazama mtu. Aliweka dafu lake chini, akatembea taratibu hadi kwa kijana wa mitambo, akamwambia bila kupandisha sauti, "Mwanangu, ukuta huo unakurudishia mzigo. Vuta spika mbele hatua mbili, uzigeuze zitazame katikati, halafu punguza besi mpaka uisikie teke la dramu." Kijana alitaka kubisha, akamtazama usoni, akaghairi. Walivuta spika katikati ya wimbo wa pili. Ulipoingia Black Dog, kila kitu kilikuwa mahali pake: gitaa kushoto, besi chini, sauti ya Plant katikati na nafasi ya kupumua. Kuanzia hapo sikuwa na lawama na sauti, na kijana yule anastahili sifa kwa kusikiliza. Wenye kumbi wengi mjini hapa hawasikilizi.

Nilichokipenda mapema ni jinsi walivyosimama. Jukwaa la O2 ni kubwa, nyuma yao kuna skrini kubwa kama ghorofa, lakini wao wamejikusanya mbele ya dramu, karibu karibu, kama bendi ya arusi iliyobanwa kwenye kibaraza. Page nywele nyeupe kabisa, koti jeusi, miwani ya giza, umri miaka 63. Jones 61, uso mtulivu. Plant 59. Na wote watatu, kila baada ya muda mfupi, wanageuka kumtazama Jason Bonham, ambaye safari hii pia ndiye aliyekaa kwenye dramu za babake.

Ami aliliona hilo kabla yangu. Kwa nyimbo tatu hivi alinyamaza, mikono kifuani. Halafu akasema, "Huyu kijana anapiga kwa heshima." Nikadhani amemsifu. Akaongeza, "Heshima nyingi mno. Anaogopa kukosea kiti cha babake." Kijana mwenyewe alikuwa na miaka 41, kipara, lakini kwa ami kila mpiga dramu aliye hai ni kijana. Walipofika For Your Life, ambao hawakuwahi kuupiga mbele ya watu hata mara moja kabla ya usiku ule, ami alijiinua kwenye kiti. "Haya. Hapa hana pa kumwiga baba. Sikiliza." Na kweli ulisikia mtu akipumua. Mkono ulilegea, teke likawa linachelewa kidogo pale panapotakiwa, wimbo ukakaa mzito bila kuburuta. Baada ya hapo Jason hakurudi nyuma tena, na ami hakurudi kuegemea kiti.

Kuna wimbo unaitwa No Quarter, Jones kinanda, moshi umetanda jukwaani, taa hafifu. Katikati yake kitambaa kikawa cheusi na sauti ikakatika. Wengi wetu tulikaa kimya tukidhani ndivyo wimbo ulivyo. Ilichukua muda mpaka tukagundua jirani zetu nao hawana taa, na mtaa wote umelala. Jenereta ilikuwapo, mafuta yalikuwapo, mwenye ufunguo wa kibanda cha jenereta ndiye hakuwapo. Alipatikana. Kwa bahati waliurudisha wimbo mwanzo, na mara ya pili nilimtazama Jones vizuri zaidi. Watu humsahau kwa kuwa harukiruki. Lakini yuko kinandani, mikono inacheza, na miguu chini inakanyaga kanyagio za besi. Mtu mmoja, kazi mbili, na usoni hakuna dalili kama anafanya hata moja.

Nawaombeni wenye nyumba: ufunguo wa jenereta ukae kwa mtu aliyepo.

Kisha Dazed and Confused. Hapa Page anachukua upinde wa fidla na kuusugua kwenye nyuzi za gitaa la umeme. Mtoto mmoja nyuma yangu akacheka. Meza ya akina mama waliokuwa kulia kwetu hawakucheka. Mmoja wao, ambaye najua nyumbani kwake hakukosi kanda za taarabu za Juma Bhalo, aligeuka kikamilifu kutazama kitambaa. Sisi tuliokulia kwenye fidla za taarabu tunajua upinde unavyopaswa kulia. Page anaufanya ulie vingine, sauti inakwaruza, inapanda, inarudi kama mwangwi wa kisimani, na miale ya kijani inamzunguka kama hema. Kwangu ulikuwa mrefu kupita haja. Ningepunguza dakika mbili. Lakini ningelipa kuona uso wa yule mama tena.

Stairway to Heaven, ambao ndio kila mtu alikuja kuusubiri, waliuweka katikati ya safari badala ya mwisho, na nadhani walifanya akili. Ulikuwa mzuri, safi, gitaa lenye shingo mbili na kila kitu, ila Plant aliuimba kama mtu anayelipa deni kwa uaminifu. Ukifungia nao, watu wanakwenda nyumbani na deni. Nyimbo kadhaa usiku ule walizishusha ufunguo, yaani kimo cha sauti, ili koo la mtu wa karibu miaka 60 lisilazimishwe kupiga kelele za mtu wa miaka 22, na mimi sioni aibu katika hilo. Aibu ni ile ya kwetu, mwimbaji mzee anasukumwa kwenye ufunguo wa ujanani na sauti inakatikia juu mbele ya wajukuu zake.

Wanaouliza ni wimbo gani uliobeba usiku, ni Kashmir. Hakuna mjadala. Plant aliyaanza maneno yake akiendesha gari jangwani kusini mwa Moroko mwaka 1973, Kashmir yenyewe akiwa hajawahi kufika, na wimbo ukatoka 1975. Page gitaa lake hakulikaza kwa kawaida. Amelegeza nyuzi kadhaa ili liimbe karibu na ala za Mashariki. Yule mama wa Juma Bhalo, aliyezoea tuni za Kihindi zikiimbwa kwa Kiswahili, aliuliza kwa sauti ya kusikika na meza zote, "Hawa nao wamezitoa wapi hizi?" Hakuna aliyemjibu kwa kuwa wote tulikuwa tumeshikwa.

Ami alikuwa akihesabu kwa vidole juu ya goti. Akaniinamia sikioni. "Gitaa linakwenda tatu. Dramu inakwenda nne. Unaona? Kila mmoja na njia yake, wanakutana mbele." Akanishika mkono, akanigongea hesabu kwenye kiganja, tatu kwa mkono mmoja na nne kwa mwingine, mpaka zilipoangukia pamoja. Nimeusikiliza wimbo huu tangu kanda zile zisizo na jalada na sikuwahi kujua kwa nini unanivuta hivi. Jason akiwa pale nyuma alishika nne yake bila kutikisika, kazi ambayo babake aliitunga kwa kutofanya mbwembwe hata kidogo, na ami akasema, "Sasa amekaa."

Wakamaliza. Wakaja mbele, wakainama, wakatoka.

Na mshereheshaji akawasha taa.

Naam. Akasimamisha diski, akashika maikrofoni, akawashukuru wadhamini, akamwita mwenye nyumba, akaanza bahati nasibu ya chakula cha jioni cha watu wawili. Nyimbo mbili zilikuwa zimebaki. Bendi haijaenda popote, imetoka kufuta jasho irudi kuitikia watu. Mtaliano mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele, kwa lugha zake zote mbili, na sisi tukamfuatia. Yule bwana akasema, "Lakini wameaga!" Walizima taa, wakatafuta mahali pa kuendelea, wakaruka mbele, wakarudi nyuma, tukaona mainamio yale mara tatu. Whole Lotta Love ilipoingia hatimaye, joto la uani lilikuwa limeshashuka, na ilibidi Page atupandishe upya, akipunga mkono hewani mbele ya theremin, kile chombo kinacholia bila kuguswa. Rock and Roll ikamaliza kazi. Jumla nyimbo 16.

Mshereheshaji wa tamasha asiyejua bendi hurudi kuitikia ni sawa na imamu wa tarawehe asiyejua idadi ya rakaa. Nimesema lililonikaa moyoni, yameisha.

Chakula: mishkaki ya ng'ombe ililainika vizuri, ukwaju wa kutosha, shilingi 50 mshikaki. Viazi karai vilikuwa vya moto. Pizza ilikuja wakati wa wimbo wa nane na ilikuwa mbichi katikati. Mbu walikuwepo kwa wingi. Chetezo cha udi walichokiweka kwa akina mama kilisaidia zaidi ya dawa za kuchoma. Choo safi.

Njiani kurudi tulibishana na ami kuhusu jambo ambalo mashabiki wamelibishania tangu 2007: kwa nini hawakuendelea. Dunia nzima iliwataka waende ziara, fedha zilikuwa mezani. Plant akakataa, akaenda zake kuimba na Alison Krauss, mwimbaji wa Marekani, na albamu ya wawili hao ikashinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, Februari 2009. Mimi nilikuwa kwenye kundi la wenye hasira na Plant kwa miaka. Ami aliona tofauti. Usiku mmoja, alisema, mtoto anaweza kumshikia baba kiti, kila mtu anajua ni kwa ajili ya nani. Mzunguke miji hamsini, kiti kinakuwa cha mtoto, na jina mmeuza. Sijakubali moja kwa moja, ningelipa kuwaona Mombasa hata leo, lakini sikuwa na jibu, na tuktuk ilishafika Shela.

Mwenye nyumba ananiambia safari ijayo anataka kuonyesha bendi ya Pink Floyd walivyorudiana Hyde Park, London, tarehe 2 Julai 2005, kwa shilingi 800 zile zile. Nimemkumbusha kwamba wale walipiga nyimbo chache tu usiku ule, hazifiki nusu saa. Amesema ataongeza pizza. Nimemwambia ashushe iwe 300, aiache pizza, na ufunguo wa jenereta ampe ami.